Jinsi ya kupanda mpaka root kwenye Linux ndogo ya mazoezi, na kuziba kila tundu ulilopitia

Watu wengi wakisikia mtu amepata root (yuza mkuu mwenye ruhusa zote) kwenye mashine wanadhani lazima kuna kodi nzito iliyovunja kerneli (kiini cha mfumo), kumbe mara nyingi hakuna kilichovunjwa kabisa, mfumo umefanya vilevile ulivyoambiwa, ni mtu tu alitoa ruhusa mahali akaisahau. Ndo maana nasema njia nzuri ya kujifunza hii kitu ni kujenga mashine yako, unayapanda matundu wewe mwenyewe, unalogini kama yuza wa kawaida, unapanda mpaka root halafu unarudi kuyaziba. Ukishafanya hivyo kwa mikono yako hutaangalia tena ruhusa za mafaili kwa jicho lile la zamani.

Kabla ya yote, haya yote ni kwenye mashine yako au mashine ambayo mwenyewe amekupa ruhusa kwa maandishi. Seva ya kazini, ya chuo, ya rafiki ambaye hajui unachofanya, hizo usiguse, hata kama nia yako ni kusaidia, maana kuingia bila ruhusa ni kosa hata usipoharibu kitu.

Tuanze na maabara. Chukua VirtualBox au QEMU, weka Debian bila desktopu, RAM ya 1GB na diski ya 10GB zinatosha kabisa. Kwenye kuinstoli, pale kwenye kuchagua programu toa alama kwenye kila kitu cha picha, acha vifaa vya msingi tu. Ikishawaka ingia kama root kwa `su -`, hicho kistari usikiache maana bila hicho unabaki na PATH (orodha ya folda ambamo komandi zinatafutwa) ya yuza wa kawaida na komandi kama `adduser` na `usermod` zitakuambia hazipo. Halafu:

`apt install sudo build-essential python3 vim less cron libcap2-bin openssl`
`adduser mwanafunzi`

Huyu mwanafunzi ndo tutakayempandisha. Ukimaliza kuinstoli zima mtandao wa hiyo mashine pepe kwenye mipangilio, maana unakwenda kuiharibu kwa makusudi na haina sababu ya kuonekana na vifaa vingine, halafu piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya mashine ilivyo sasa. Kila zoezi likiisha unarudi kwenye snapshoti, hapo hata ukiiua kabisa hakuna shida.

Sasa kitu cha kwanza kuelewa, na hiki ndo kiini cha mambo yote. Kerneli haijui jina root. Inachojua ni namba ya yuza, UID, na namba 0 ndo mwenye nyumba. Andika `id` ukiwa mwanafunzi utaona kitu kama uid=1001, andika ukiwa root utaona uid=0. Kwa hiyo swali lote la kupanda mpaka juu ni moja tu, kuna njia gani ya kufanya programu yangu iendeshwe na namba 0? Njia ni nyingi lakini zote zinaishia hapo.

Zoezi la kwanza la kuthibitisha hilo. Ukiwa root haribu kwa makusudi:

`chmod 666 /etc/passwd`

Sasa kila mtu anaweza kuandika kwenye lile faili, ambalo ndo orodha ya yuza wote wa mfumo. Logini kama mwanafunzi, tengeneza hashi ya paswedi (paswedi iliyogeuzwa isisomeke) kwa `openssl passwd -6 jaribio`, itakupa mstari mrefu unaoanza na $6$. Ukopi halafu:

`echo 'mgeni:HASHI_YAKO_HAPA:0:0::/root:/bin/bash' >> /etc/passwd`
`su mgeni`

Ukiandika paswedi ya jaribio umekuwa root, `id` itakuonyesha uid=0 ingawa jina ulilologini nalo ni mgeni. Hakikisha umetumia alama moja moja za kufunga na sio mbili mbili, maana ile alama ya dola shell (programu inayopokea komandi zako) itaitafsiri kama variabo na hashi yako itaharibika, wengi wanakwama hapo wanadhani mbinu haifanyi kazi. Paswedi siku hizi zinakaa /etc/shadow kwa sababu /etc/passwd lazima isomwe na kila mtu, lakini mfumo bado unakubali hashi ikikaa kwenye sehemu ya pili ya mstari kule kule kwa zamani. Kuziba ni `chmod 644 /etc/passwd` na kufuta ule mstari, halafu jizoeze kuangalia kama kuna yuza wengine wenye namba 0:

`awk -F: '$3==0' /etc/passwd`

Inatakiwa itoke root peke yake. Akitoka mwingine yeyote, kuna mtu alipita.

Baada ya hapo rudi kwenye snapshoti tuingie kwenye kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni kutafuta. Wanaoanza wanakimbilia kudaunlodi kodi za kushambulia, hii inaniuma kwa kweli kwa sababu wanaruka sehemu yenye elimu yote. Ukilogini kwenye mashine kama yuza mdogo, kaa chini usome kwanza. Mimi ni nani na niko kwenye makundi gani, `id`. Nimeruhusiwa nini kwa sudo (komandi ya kuendesha kitu kwa nguvu za root), `sudo -l`. Programu gani zina SUID (nitaieleza sasa hivi), kazi gani zinajiendesha zenyewe, mafaili gani ya root naweza kuyaandika mimi, kuna paswedi imeachwa kwenye skripti au kwenye historia ya komandi. Mashine nyingi za mazoezi zinafunguka hapo hapo kabla hujafanya chochote cha ajabu.

SUID nitakaa nayo kidogo maana ina mengi. Hii ni alama kwenye faili inayosema, yeyote atakayeendesha hii programu, iendeshwe kwa namba ya mwenye faili na sio ya aliyeiita. Dennis Ritchie aliipatia hataza Marekani, ikatolewa 1979, na bado tunaitumia leo kwa sababu bila hiyo usingeweza kubadilisha paswedi yako mwenyewe, komandi ya `passwd` lazima iguse /etc/shadow ambayo wewe huruhusiwi. Kuzitafuta zote:

`find / -perm -4000 -type f 2>/dev/null`

Kwenye Debian safi utaona passwd, su, mount, umount, chsh, chfn, gpasswd, newgrp, sudo na chache nyingine. Hao ni wenyeji, wazoee sura zao, maana unachotafuta ni mgeni. Ukiona find, vim, cp, python au programu yoyote yenye jina usilolijua, simama hapo hapo. Jaribu, ukiwa root:

`chmod u+s /usr/bin/find`

Halafu ukiwa mwanafunzi:

`find /etc/hostname -exec /bin/bash -p \;`

Umepata shell, `id` itaonyesha uid=1001 na euid=0, yaani namba inayotumika sasa ni ya root. Ile -p ina maana kubwa. Bash ikiona namba halisi ya yuza haifanani na namba inayotumika sasa, inajishusha yenyewe irudi kwa yuza wa kawaida, ni ulinzi uliowekwa makusudi, na -p inaiambia isijishushe. Ukisahau -p utapata shell ya mwanafunzi uleule uanze kujiuliza kimetokea nini. Na tatizo hapa sio find kuwa na kosa lolote kwenye kodi yake, find ni programu nzuri, ila haikuandikwa ikijua itapewa nguvu za root, na ina uwezo wa kuita programu nyingine. Programu yoyote inayoweza kuita nyingine, kufungua faili lolote au kuandika faili lolote haifai kupewa SUID. Kuna orodha inaitwa GTFOBins imekusanya programu za kawaida na namna kila moja inavyotumika vibaya ikipewa ruhusa kubwa, isome ukiwa na maabara pembeni.

Kuna SUID ya aina nyingine ambayo ni ya hatari zaidi kwa maoni yangu kwa sababu watu wanaiandika wenyewe wakidhani ni salama. Andika faili saa.c:

`#include <stdlib.h>`
`#include <unistd.h>`
`int main(void){ setgid(0); setuid(0); system("date"); return 0; }`

Ukiwa root ikompaili, `gcc saa.c -o /usr/local/bin/saa` halafu `chmod 4755 /usr/local/bin/saa`. Inaonyesha saa tu, ina ubaya gani? Ubaya ni kwamba imeita date bila kusema date ipo wapi, kwa hiyo shell itaitafuta kwenye PATH, na PATH ni ya yule aliyeita programu, anaipanga anavyotaka. Mwanafunzi anafanya hivi:

`cd /var/tmp`
`printf '#!/bin/bash\n/bin/bash\n' > date`
`chmod +x date`
`PATH=/var/tmp:$PATH saa`

Root. Ukitaka kuona programu ya mtu imeita nini ndani bila kuwa na kodi yake, pitisha `strings /usr/local/bin/saa` utaliona neno date limekaa peke yake bila njia kamili. Kuziba, usitumie system() ndani ya programu ya SUID, kwisha. Kuandika /bin/date kwa ukamilifu kunasaidia lakini bado unabeba mazingira mengine ya yuza, bora uite execve na mazingira uliyoyasafisha wewe, au uiondoe SUID kabisa maana saa haihitaji root. Na kama ulikuwa unafikiria kuweka SUID kwenye skripti ya shell, Linux inaipuuza kwa skripti zinazoanza na #!, walishaona hatari yake.

Sasa sudo. Hapa ndo matundu mengi ya kweli kwenye seva za watu yanapokaa, kwa sababu sudo inaonekana salama, unampa mtu komandi moja tu. Weka mstari huu kupitia `visudo`, komandi ya kuhariri mipangilio ya sudo:

`mwanafunzi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/less /var/log/apt/term.log`

Unaona umembana kweli kweli, faili moja, programu moja ya kusoma tu. Mwanafunzi anaandika `sudo less /var/log/apt/term.log` halafu ndani ya less anaandika `!/bin/bash` anapiga enta, tayari yuko root, na hapa hata -p haihitajiki kwa sababu sudo inabadilisha namba zote. Ukiongeza NOEXEC kwenye mstari utazuia less isiite programu nyingine, lakini bado ndani ya less kuna `:e /etc/shadow` na hashi za paswedi zote zinafunguka mbele yake. Dawa halisi ni kujiuliza alihitaji nini. Alihitaji kusoma logi, na Debian tayari ina kundi la adm kwa kazi hiyo, `usermod -aG adm mwanafunzi`, futa mstari wa sudo, mambo yameisha bila kumgawia mtu root. Kwa anayehitaji kuhariri faili moja la mipangilio tumia `sudoedit`, hiyo inakopi faili, mhariri anaendeshwa kwa namba ya yuza mwenyewe, halafu inarudisha mabadiliko. Lakini usimpe sudo ya vim, nano wala less, zote zina mlango.

Kazi za cron, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, zinafuata mantiki hiyohiyo. Tengeneza /usr/local/bin/nakala.sh yenye mistari miwili mitatu, ipe `chmod 777` halafu ongeza kwenye /etc/crontab:

`* * * * * root /usr/local/bin/nakala.sh`

Mwanafunzi anasoma /etc/crontab, inasomeka na wote, anaona root anaendesha skripti ambayo yeye anaweza kuiandika, anaongeza mwishoni:

`echo 'cp /bin/bash /var/tmp/b; chmod 4755 /var/tmp/b' >> /usr/local/bin/nakala.sh`

Anasubiri dakika moja, anaandika `/var/tmp/b -p`. Nimetumia /var/tmp sio /tmp kwa sababu kwenye mifumo mingine /tmp imemauntiwa na nosuid, na ikiwa hivyo alama ya SUID haina nguvu humo, ni ulinzi mzuri ambao unaweza kuuweka mwenyewe hata kwenye /home.

Halafu kuna kitu ambacho watu hawakiangalii. Umeweka skripti 755, mwenye nayo ni root, umefurahi. Je folda iliyobeba skripti ni ya nani? Kama mwanafunzi anaweza kuandika kwenye folda, anaweza kulifuta faili la root na kuweka lake lenye jina lilelile, maana kufuta faili ni ruhusa ya folda na sio ya faili. Kwa hiyo kagua njia nzima kuanzia / mpaka kwenye skripti, komandi ya `namei -l /usr/local/bin/nakala.sh` inakuonyesha kila hatua na mwenye nayo. Na kama ndani ya skripti kuna `tar czf /root/nakala.tgz *` kwenye folda ya yuza, ile nyota inageuka majina ya mafaili, yuza akiweka faili linaloitwa `--checkpoint=1` na lingine `--checkpoint-action=exec=sh x.sh`, tar inayasoma kama maagizo na inaiendesha x.sh kwa root. Andika `./*` badala ya `*` na tatizo linaondoka.

Capabilities ni nguvu za root zilizokatwa vipande vipande, wazo zuri sana ila kipande kingine ni sawa na keki nzima. Ukiwa root, `setcap cap_setuid+ep` kwa faili halisi la python, mfano /usr/bin/python3.11 kwa Debian 12, maana python3 ni kiungo tu na setcap inataka faili lenyewe. Mwanafunzi:

`/sbin/getcap -r / 2>/dev/null`
`python3 -c 'import os; os.setuid(0); os.system("/bin/bash")'`

Angalia kwamba hii haitokei kabisa kwenye ile find ya SUID, ndo maana wengi wanakagua SUID wanalala usingizi. Makundi nayo hivyo hivyo, mtu aliye kwenye kundi la docker (programu ya kuendesha kontena, yaani mazingira yaliyotengwa) ana root ya mashine nzima kwa sababu anaweza kuwasha kontena lililomaunti diski yote, na aliye kwenye kundi la disk anasoma diski moja kwa moja bila kupitia ruhusa za mafaili. Ukiona majina hayo kwenye `id`, hesabu kuwa huyo ni admini.

Mashine ikiwa mbele yako kimwili mambo ni mepesi zaidi. Kwenye menyu ya GRUB (inayotokea mashine ikiwaka) bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza `init=/bin/bash`, bonyeza Ctrl+X. Inawaka moja kwa moja kwenye shell ya root bila paswedi, `mount -o remount,rw /` halafu `passwd` unaweka paswedi mpya. Njia hii imeokoa wengi waliosahau paswedi zao na haina siri yoyote, na inaonyesha kwamba paswedi ya kulogini hailindi diski. Kinacholinda ni kuisimba diski kwa LUKS.

Makosa ya kerneli na ya programu zenyewe nimeyaweka mwisho kwa makusudi. Yapo na ni makubwa. Dirty COW, CVE-2016-5195 (CVE ni namba ya kutambulisha kosa la usalama linalojulikana), ilikaa kwenye kerneli tangu 2007 mpaka ikaonekana 2016. Dirty Pipe, CVE-2022-0847, iligunduliwa na Max Kellermann, iliingia na kerneli 5.8 na ilimruhusu yuza wa kawaida kuandika juu ya mafaili anayoruhusiwa kuyasoma tu. PwnKit, CVE-2021-4034, ilikuwa ndani ya pkexec (programu ya kuendesha komandi kama yuza mwingine) tangu 2009 na ikatangazwa Januari 2022, na sudo yenyewe ilikuwa na CVE-2021-3156 iliyokaa karibu miaka 10 bila mtu kuiona, wakaifunga kwenye 1.9.5p2. Ona kwamba mbili za mwisho ni programu za SUID, wale wenyeji niliosema uzoee sura zao, kwa hiyo kila mwenyeji usiyemhitaji mtoe. Kama hutumii pkexec, iondoe.

Dawa ya hizi ni kuapdeti, `apt update && apt full-upgrade`, halafu riboot. Riboot ni sehemu ya dawa, kerneli mpya ikiinstoliwa ile ya zamani ndo inaendelea kufanya kazi mpaka uwashe upya, nenda kalinganishe `uname -r` na iliyopo kwenye /boot. Ila usihukumu kwa namba ya toleo peke yake, Debian huwa inarudisha marekebisho kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kubwa, unaweza kuona namba inayotisha kumbe tundu lilishazibwa, soma taarifa za usalama za Debian kwa ile CVE. Na kodi za kushambulia kerneli zinazozagaa mtandaoni usiziendeshe kwenye kompyuta yako ya kila siku, hujui ndani zina nini na nyingi zinaangusha mfumo.

Ukimaliza mazoezi yote, ifanye iwe kawaida kwenye seva unazosimamia. Siku seva ikiwa safi piga picha ya hali yake:

`find / -xdev -perm -4000 -type f 2>/dev/null | sort > /root/suid-safi.txt`

Fanya hivyo hivyo kwa getcap na kwa mafaili yanayoandikwa na kila mtu kwenye /etc na /usr, halafu kila wiki linganisha kwa `diff`. Ile -xdev inabaki kwenye diski moja tu, kwa hiyo kama /home au /var ziko pembeni zipitie kivyake. Mstari mpya ukitokea, muulize `dpkg -S` hilo faili ni la pakiti gani, kama ni la pakiti fulani angalia logi ya apt uone iliingia lini, kama sio la pakiti yoyote anza kutafuta nani aliliweka.

Hatua inayofuata ukishazoea ni kumwachia mwenzako mashine pepe akae peke yake apande tundu moja bila kukuambia, wewe unalogini kama mwanafunzi unalitafuta, halafu mnabadilishana. Mkubaliane tu kwamba kila anayepata root anaandika na namna ya kuziba, na mwenzake anajaribu tena njia ileile ahakikishe kweli haipiti.